Kilemba cha Ukoka kwa Marubani Wanawake

Kila Juni inapokaribia, marubani wanawake wa Marekani huzama katika ramani, ripoti za upepo na madaftari ya matengenezo ya ndege. Wanajiandaa kwa Air Race Classic, mbio za ndege ndogo zinazoikata nchi ile kwa siku nne, maili zipatazo 2,400, umbali usiopishana sana na wa kutoka Dar es Salaam hadi Cairo. Mwaka 2023 walianzia Grand Forks, Dakota Kaskazini, wakamalizia Homestead, kusini kabisa mwa Florida. Mwaka uliofuata walitoka Carbondale, Illinois, kwenda Loveland, mji ulio chini ya milima ya Colorado. Njia hubadilika kila mwaka, kwa hiyo hakuna wa kuikariri.

Na kila mwaka watazamaji nao huja na wimbo wao wenye beti mbili. Ubeti wa kwanza ni wa pongezi: hongereni akina mama, mmethubutu, mmewatia moyo mabinti zetu. Wa pili huimbwa pembeni, wenyewe wakishaondoka: lakini tuseme kweli, hizi si mbio. Ndege nyingi ni za aina ileile wanayojifunzia wanafunzi. Hawaruki usiku. Hawaruhusiwi kuingia mawinguni. Mwendo unasawazishwa kwa hesabu ili mwenye ndege ya polepole asionekane amebaki nyuma. Na juu ya yote hayo, wanaume hawamo. Basi ni tamasha la kukumbuka enzi za kina Amelia Earhart, jambo jema la kupigiwa makofi, ila rubani wa kweli angekwenda kushindana mahali ambapo hakuna anayeulizwa jinsia yake.

Wanaosema hivyo si maadui wa wanawake. Wengi ni watu wema, baadhi yao ni wanawake, na wapo marubani. Ndiyo maana hoja yao inastahili kujibiwa kwa kirefu badala ya kubezwa. Nami ninasema beti zote mbili zimetungwa na watu wasiojua mbio hizi zinapima nini. Anayempongeza rubani kwa kuthubutu tu, bila kutazama alichokifanya huko juu, anamvika kilemba cha ukoka. Mbio hizi ni ngumu, na ugumu wake umekaa palepale ambapo wao wanaona ulegevu.

Tuanze na hiyo hesabu ya kusawazisha mwendo, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kabla ya mbio, kila ndege hupewa kiwango chake, yaani mwendo ambao ndege ile, kwa injini ile, inatarajiwa kuufikia ikipewa nguvu zote. Wachezaji wa gofu wanaujua utaratibu wa namna hii. Wao huuita hendikapu. Mwishoni, wastani wa mwendo wa timu juu ya ardhi hulinganishwa na kiwango cha ndege yao wenyewe, na aliyekizidi kwa wingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Beechcraft Bonanza inaweza kuipita Cessna 172 asubuhi na mapema, ikaiacha mbali kabisa, na bado ikashindwa nayo.

Mwenye haraka atasema huo ni upendeleo. Mimi naona ni kinyume chake. Katika mbio za kasi tupu, sehemu kubwa ya ushindi imeshanunuliwa kabla ndege haijatolewa kwenye hanga. Mwenye fedha hununua injini kubwa, na injini kubwa humfichia makosa. Akichagua kimo kibaya, akipotoka njia kwa maili tatu, akichelewa kugeuka, nguvu za farasi zitamlipia deni. Hesabu ya Air Race Classic humwondolea rubani ngao hiyo. Kilicho cha injini kimeshaandikwa kwa jina la injini. Kinachobaki, kiwe cha kuongeza au cha kupunguza, ni cha wale walioketi mbele.

Na kinachobaki, kuliko kitu kingine chochote, ni upepo. Mwendo wa ndege juu ya ardhi ni mwendo wake hewani pamoja na msaada wa upepo, au pungufu ya ukaidi wake. Kwa kawaida upepo huzidi nguvu kadiri unavyopanda. Basi upande ukautafute? Subiri kwanza. Kupanda kwenyewe kunakula mwendo, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu hewa inapokuwa nyepesi. Joto la Juni huongeza taabu: hewa ya moto nayo ni nyepesi, na ndege inayoondoka katika uwanja ulioinuka, mchana wa jua kali, hutambaa kwenye lami muda mrefu kabla magurudumu hayajaachana na ardhi. Marubani wa Wilson, Nairobi, futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Anayeruka kati ya Pemba na Mafia peke yake analisikia tu. Timu ya mbio hulikokotoa kwa kila kipande cha njia: kwa futi 3,000 upepo unasemaje, kwa 6,000 unasemaje, na kwa 9,000 je, faida itarudisha gharama ya kupanda? Utabiri ukikosea, na hukosea, lazima waligundue hilo wakiwa hewani, waamue upya, huku injini ikinguruma kwa nguvu zote na mafuta yakishuka.

Kuna jambo jingine ambalo wabezaji hawalitaji, na nashuku hawalijui. Saa ya mbio haihesabu siku nne zote. Inahesabu muda wa kuruka kati ya mstari wa uwanja mmoja na mstari wa uwanja unaofuata. Ukiupita mstari na kutua, muda wa kupumzika hauhesabiwi. Maana yake, timu inaweza kuketi chini ya kivuli cha bawa kutwa nzima ikisubiri upepo ugeuke, huku wapinzani wake wakipita juu ya kichwa. Lakini siku ni nne tu, na saa ya mwisho ya siku ya nne haimngoji mtu. Juni, katikati ya Marekani, ni msimu wa radi. Wanaosubiri upepo wa nyuma mchana wanaweza kuletewa ukuta wa mawingu jioni, na kesho wakaamkia uwanja uliofunikwa mpaka chini. Kuketi ni kamari, na kuondoka pia ni kamari. Aliyetua wa kwanza kwenye uwanja wa mwisho hajui kama ameshinda, wala aliyetua wa mwisho hajui kama ameshindwa. Wote hukaa wakingoja hesabu, na hesabu inaweza kumpa kikombe yule ambaye siku iliyotangulia watu walikuwa wakimhurumia.

Sasa hilo la kutoingia mawinguni. Rubani anayeruka kwa vyombo anapoingia katika wingu ana mtu wa ardhini anayemfuatilia, ana njia iliyopangwa, ana utaratibu wa kushuka uliochorwa kwenye karatasi. Anayeruka kwa macho ana kioo cha mbele na akili yake. Ndege ndogo ya kuruka kwa macho ikijikuta ndani ya wingu, hicho ni miongoni mwa visa vinavyoua kuliko vyote katika urubani wa ndege ndogo, kwa sababu bila upeo wa macho sikio la ndani hudanganya, mwili ukasadiki kwamba umenyooka wakati ndege imelala upande na inazama. Kanuni ya mbio inasema ukae nje. Kwa hiyo rubani hana budi kuamua mapema, angali na nafasi ya kuamua. Aone dari ya mawingu inashuka huko mbele, ajue kuna timu mbili zimeshapenya, kisha ageuze pua ya ndege arudi alikotoka huku akijua anajitia nyuma. Sijui uamuzi mgumu kuliko huo katika michezo ya kasi, na haumo katika mbio zozote za kuzunguka minara mbele ya jukwaa la watazamaji.

Ukishaelewa hivyo, utaelewa kwa nini matayarisho huchukua miezi. Timu inahitaji angalau marubani wawili, na wawili hao lazima waruke pamoja mpaka kazi zigawanyike bila kusemeshana: mmoja anashika usukani na kulinda kimo na uelekeo, mwingine anashika redio, anachungulia ndege nyingine, anahesabu mafuta na kusoma hali ya hewa ya kipande kinachofuata. Ubishi wote unapaswa kumalizikia ardhini. Wanajifunza njia ya kuupita mstari wa saa: kushuka hadi futi mia chache juu ya uwanja, nguvu zote, ndege ikiwa imenyooka, wakijitangaza redioni ili wasigongane na mtu anayetua, kisha kuinuka na kugeuka bila kupoteza sekunde. Ni ujanja ambao rubani wa kawaida hajaufanya maishani, kwa sababu mwalimu wake alitumia miezi mingi kumkataza. Wanasoma kila uwanja ulio njiani, urefu wa lami, milingoti iliyo jirani, pampu ya mafuta ilipo. Wanapunguza mizigo hadi kubaki na nguo chache. Wanasugua wadudu waliogandia kwenye ukingo wa bawa, maana wadudu nao wanakula mwendo. Kabla ya kuanza, wakaguzi hupekua ndege na karatasi zake, na injini iliyochezewa hairuki.

Haya yote yana historia, na wanaosema mbio za wanawake zilianza kama pambo wanaipindua. Mbio za kwanza za aina hii, Agosti 1929, zilianzia Santa Monica, California, zikaishia Cleveland, Ohio, siku tisa, maili zaidi ya 2,700. Waliojitokeza walikuwa 20. Ili uingie ulipaswa kuwa umeruka saa 100 peke yako, 25 kati ya hizo ukiwa safarini mbali na uwanja wako. Kabla hawajaanza, waandaaji walipendekeza waanzie upande wa pili wa milima ya Rocky ili wasilazimike kuivuka, na kila mmoja apakie mwanamume wa kumwonyesha njia. Earhart na wenzake walikataa katakata. Opal Kunz alikuwa na ndege yake mwenyewe, Travel Air ya nguvu za farasi 300. Akaambiwa ni kali mno kwa mwanamke, ikambidi atafute nyingine. Mchekeshaji Will Rogers akazibandika mbio hizo jina la kipamba cha kupakia poda ya uso, na magazeti yakalidaka.

Tazama sasa waliopewa jina hilo walipitia nini. Marvel Crosson, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amevunja rekodi ya wanawake ya kupaa juu, alianguka Arizona siku ya pili ya safari na kufa. Magazeti yakataka mbio zisimamishwe, waliobaki wakaendelea. Claire Fahy alijitoa baada ya nyaya za mabawa yake kukatika, ikadaiwa zimemwagiwa tindikali. Thea Rasche wa Ujerumani alilazimika kutua kwa uchafu uliokutwa ndani ya mafuta. Blanche Noyes alinusa moshi akiwa peke yake juu ya nyika ya Texas, akatua vichakani, akautoa moto kwenye sehemu ya mizigo na kuuzima kwa mchanga, kisha akaruka tena, magurudumu yakiwa yameharibika. Pancho Barnes aligonga gari kwenye uwanja wa Pecos. Hapo sina la kumlaumu: gari halina kazi mahali ndege zinapotua.

Mshindi alikuwa Louise Thaden, na ushindi wake ni somo la matayarisho. Alipokuwa akiipeleka ndege yake California kwa ajili ya mbio, alilewa hewa ya sumu iliyovuja kutoka kwenye injini. Walter Beech, mwenye kiwanda cha Travel Air, akamwekea bomba la kuleta hewa safi kutoka nje hadi kwenye kiti chake, na Thaden akaruka siku zote tisa akivuta pumzi kwenye bomba hilo. Crosson naye aliruka Travel Air. Wapo wanahistoria wanaoshuku kwamba hewa ileile ndiyo iliyomuua.

Novemba ya mwaka huohuo, wanawake waliokuwa na leseni ya urubani Marekani nzima walikuwa 117. Tisini na tisa kati yao wakaitikia wito wa kuunda chama, na idadi hiyo ndiyo iliyokipa jina, The Ninety-Nines. Chama hakikuzaliwa ofisini. Kilizaliwa na watu waliojuana kwenye viwanja vya vumbi vya Yuma, Douglas na Midland, wakisaidiana kujaza mafuta na kulala chumba kimoja.

Nimefika kwenye hoja nzito zaidi ya wapinzani wangu. Anga, wanasema, haijui mke wala mume. Hata bawa halijui. Mkitaka usawa, kwa nini mnajitenga? Huko si kubagua wanaume?

Ni kweli bawa halijui. Kamati za mashindano ndizo zilizojua. Septemba 1933, huko Chicago, Florence Klingensmith alikuwa akishindana na wanaume katika mbio za kuzunguka minara pale kitambaa cha bawa la ndege yake kilipochanika. Alianguka akafa. Mwaka uliofuata wanawake wakafungiwa kushiriki mashindano ya Bendix, yale makubwa ya kukata bara. Miezi miwili tu kabla ya kifo cha Klingensmith, Russell Boardman alikuwa ameanguka Indianapolis akiwa ndani ya Bendix yenyewe, akafa baada ya siku mbili. Lowell Bayles alikuwa amekufa Desemba 1931 akitafuta rekodi ya kasi, katika ndege ya Gee Bee, kama zilivyokuwa za Boardman na Klingensmith. Hakuna aliyependekeza wanaume wafungiwe. Mwanamume akifa iliyoshtakiwa ni ndege, mwanamke akifa iliyoshtakiwa ni jinsia yake. Earhart alipoombwa amrushe mwigizaji Mary Pickford hadi Cleveland kwenda kufungua mashindano ya 1934, alikataa kwa sababu ya marufuku hiyo. Mwaka 1935 mlango ukafunguliwa tena, na haukufunguliwa na anga isiyojua mke wala mume. Uligongwa na watu waliokuwa wamekwisha kujipanga, na kujipanga huko kulianzia katika mbio za peke yao.

Huo ndio mfuatano ambao hoja ya kujitenga inausahau. Mbio za peke yao ziliwapa saa za kuruka, majina, mafundi, wafadhili na chama. Bila hayo wasingeingia kwenye mbio za pamoja, wala wasingepata sauti ya kudai waingizwe. Na mlango hufungwa tena mtu akisinzia. Helen Richey aliajiriwa na shirika la Central Airlines mwishoni mwa 1934, akawa mwanamke wa kwanza kuendesha ndege ya abiria ya ratiba Marekani. Chama cha marubani kikamkatalia uanachama, na mwaka uliofuata akaacha kazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake zaidi ya 1,000 waliziendesha ndege za jeshi kutoka viwandani hadi kambini katika kikosi cha WASP, 38 wakafa kazini. Mwaka 1944 kikosi kikavunjwa, na hadi 1977 hawakutambuliwa kuwa walikuwa askari.

Mwaka huo wa 1977 una jambo jingine. Mbio nyingine za wanawake za kukata bara, zilizoanza 1947 kutoka Palm Springs hadi Tampa, zilifikia kikomo kwa gharama na uhaba wa wafadhili. Kama mbio za pekee zingekuwa zinawazuia wanawake kujiunga na wanaume, basi huo ndio ulikuwa wakati wa wao kumiminika kwenye mbio za pamoja. Badala yake wakaanzisha Air Race Classic mwaka uleule. Leo, karibu nusu karne baadaye, kati ya Wamarekani wenye leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa rubani wa shirika, wanawake ni kama 5 katika kila 100. Anayeniambia mlango uko wazi kabisa na aniambie hao 95 waliingiaje peke yao.

Kuna lawama moja nitaikubali nusu. Husemwa kwamba huu ni mchezo wa wenye fedha. Mafuta ya ndege ni ghali, ndege yenyewe ni ghali, likizo ya wiki mbili ni ghali. Kweli. Vyuo vikuu hupeleka timu za wanafunzi, na hesabu ya kusawazisha inawapa nafasi halisi wakiwa na Cessna ya chuo, lakini hata kwenye chuo cha urubani hawaendi maskini wengi. Na ukiitazama picha ya 1929 hutamwona mwanamke mweusi hata mmoja. Bessie Coleman alikataliwa na shule za urubani za kwao, akajifunza Kifaransa, akavuka bahari na kupata leseni yake Ufaransa mwaka 1921. Alikufa kwa ajali 1926, kabla ya yote haya. Waliofungiwa nje nao walikuwa na watu waliowafungia nje. Hiyo ni sababu ya kuutanua mlango wa mbio hizi. Kwamba ni sababu ya kuzicheka, hilo silioni.

Msomaji wa Nairobi au Dar anaweza kuuliza inamhusu nini. Wilson, uwanja ambao watalii wengi huanzia safari za Maasai Mara, umepewa jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, mwaka uleule wa mbio za Santa Monica. Tom Campbell Black, rubani wa shirika hilo, ndiye aliyemfundisha kuruka Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro akizungumza Kiswahili, ambaye baadaye aliishi kwa kubeba abiria, barua na dawa, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Anga ya Kenya ya siku zile ilikuwa ya walowezi, Mwafrika hakukaribishwa hata kuishika propela isipokuwa kuizungusha, na siwezi kuwataja watu hao nikajifanya sikulijua hilo. Ilichukua hadi 1993 ndipo Irene Koki Mutungi alipokuwa mwanamke wa kwanza rubani katika Kenya Airways. Lakini kazi aliyoifanya Markham ndiyo inayopimwa na mbio ninazozitetea: ndege ya injini moja, ramani yenye mapengo, hali ya hewa ya kujisomea mwenyewe, na hakuna wa kukuonyesha njia.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936, Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, akaelekea magharibi dhidi ya upepo uleule unaowasaidia wanaotoka Marekani. Baada ya saa zipatazo 21 injini ilikosa mafuta, akatua kwenye kinamasi cha Baleine, Nova Scotia, pua ya ndege matopeni na yeye mzima. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea upande huo.

Siku hiyohiyo ya Septemba, Thaden na Noyes, yule wa bomba la hewa na yule wa mchanga, walikuwa wakitoka New York kwenda Los Angeles katika mashindano ya Bendix, sasa wakishindana na wanaume. Ndege yao ilikuwa Beechcraft Staggerwing ya kawaida ya kuuzwa dukani, ikishindana na ndege zilizojengwa kwa kasi. Walitumia saa 14 na dakika 55. Walidhani wameshindwa, tena waliupita mstari wa mwisho kwa upande usio wake, wakawa wanaipeleka ndege pembeni pale watu walipowakimbilia kuwaambia wamekuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Laura Ingalls, peke yake ndani ya ndege yake. Earhart na Helen Richey walikuwa wa tano. Waandaaji, kwa wema wao, walikuwa wametenga dola 2,500 za kumfariji mwanamke atakayewatangulia wanawake wenzake, kando ya dola 4,500 za mshindi wa jumla. Zote mbili zikaenda kwa Thaden na Noyes.